Skeni ya wiki 19: kibofu cha mtoto kimejaa, maji ya chupa ya uzazi yamepungua. Angoje azaliwe au atiwe mrija tumboni?

MpigaSkeni_Likoni ameuliza:

Asalaam aleykum, na hamjambo nyote. Nawauliza hasa walio ndani ya kazi hii.

Mama wa miaka 27, mimba ya pili, amekuja kwa skeni yake ya kwanza akiwa na wiki 19 na siku 4. Mtoto ni mwanamume. Kibofu kimejaa, urefu mm 42, na kwa dakika 40 za kungoja hakikupungua hata kidogo. Ukuta wake ni mnene, na chini yake mrija wa mkojo umepanuka, lile umbo la tundu la ufunguo. Pelvisi za figo (vifuko vya kukusanyia mkojo ndani ya figo) zimetanuka zote mbili: kulia mm 11, kushoto mm 9. Figo zenyewe zang'aa kidogo kulishinda ini, vivimbe vya maji sikuviona. Mfuko mkubwa wa maji ya chupa ni sm 1.4 kwa wima. Moyo, uti wa mgongo na kichwa vyaonekana sawa, ingawa kwa uchache huu wa maji siwezi kuapa.

Ripoti imesomwa na madaktari wawili. Wa kwanza amesema hakuna la kufanya tumboni, angoje azaliwe apelekwe kwa mpasuaji wa watoto. Wa pili amesema apelekwe Nairobi wiki hii hii akatiwe mrija. Mume na mama mkwe wamebaki njia panda, na sasa wanampa madafu asubuhi na jioni ili maji yaongezeke.

Maswali yangu: kitabibu, kinachowatenganisha madaktari hawa ni nini? Na ni kitu gani ningeandika kwenye ripoti ambacho sikuandika?

---

DaktariWaKijusi amejibu:

Aleykum salaam. Kila mmoja ameshika nusu ya jibu, na nusu iliyobaki haimo kwenye ripoti kwa sababu skeni peke yake haiwezi kuitoa.

Tuanze na maji. Kuanzia wiki ya 16 hivi, maji ya chupa karibu yote ni mkojo wa mtoto. Kabla ya hapo hutoka zaidi kwenye ngozi za chupa, kondo na mwili wa mtoto wenyewe. Ndiyo maana mimba ya wiki 13 yaweza kuwa na maji tele huku njia ya mkojo imeziba kabisa, na mtu akarudishwa nyumbani kwa amani isiyo na msingi. Baina ya wiki 16 na 26 mapafu yako kwenye hatua ambayo yanahitaji maji ndani na nafasi nje ili matawi yake yakue. Maji yakikosekana kipindi hicho, mtoto huzaliwa na mapafu madogo yasiyoweza kubeba pumzi. Watoto hawa wanapofariki siku za mwanzo, aghalabu huwa ni mapafu, wala si figo.

Shanti, huo mrija mfupi wa plastiki wenye pete kila upande, hupitisha mkojo kutoka kibofuni hadi kwenye chupa. Kazi yake ya kwanza ni kurudisha maji ili mapafu yapone. Shinikizo juu ya figo hupungua, ndiyo, lakini tishu ya figo iliyokwisha kuota vibaya haifufuki. Mzazi asiyeambiwa hivi mapema hudhani ametibiwa figo.

Kwa hivyo daktari anayefikiria shanti hujiuliza kwanza: je, maji yamepungua kweli? Kama maji ni ya kawaida, mrija hautiwi hata kibofu kiwe kikubwa kama embe. Hufuatiliwa kwa skeni kila wiki moja au mbili. Kwa huyu wako, sm 1.4 ni chini ya sm 2, hapo amepita. Swali la pili, je, kuna hitilafu nyingine? Kromosomu (hasa trisomia, yaani kromosomu ya ziada, ya 13, 18 na 21), moyo, utumbo. La tatu, ambalo ndilo linalowatenganisha hao wawili: je, figo bado zafanya kazi ya maana? Hilo hujibiwa kwa mkojo wa mtoto mwenyewe.

Mkojo hutolewa kwa sindano nyembamba ya geji 22 kupitia tumbo la mama hadi kibofuni, huku Dopla ya rangi (skeni ya mwendo wa damu) ikionyesha mishipa miwili ya kitovu inayopita ubavuni mwa kibofu. Ukiigusa mmoja, umeharibu. Kibofu humwagwa chote. Kisha baada ya saa 24 hadi 48 skeni hurudiwa kuona kama kimejaa tena, na sampuli ya pili hutolewa, mara nyingine na ya tatu. Sampuli ya kwanza ni mkojo uliolala humo siku nyingi, hausemi figo zinafanya nini leo. Ile ya mwisho ndiyo yenye habari. Na kibofu kisipojaa tena kabisa, hiyo nayo ni habari, mbaya.

Figo nzima ya mtoto hurudisha chumvi mwilini na kutoa mkojo mwepesi; iliyoharibika huvujisha. Ndipo tunapotaka sodiamu chini ya 100 mmol/L, kloridi chini ya 90, osmolaliti (wingi wa vitu vilivyoyeyuka) chini ya 200, kalisiamu chini ya 2 mmol/L na protini ya beta-2 maikroglobulini chini ya 6 mg/L. Mkojo huohuo una seli za mtoto, kwa hivyo kipimo cha kromosomu hufanywa humo humo bila kutafuta maji ya chupa ambayo hayapo.

Kuhusu ushahidi: utafiti wa PLUTO, ulioongozwa kutoka Birmingham na matokeo yake kuchapishwa 2013, ulipangwa uandikishe wanawake 150, ukafungwa na 31 tu. Waliopangiwa shanti walikuwa 16, watoto 8 wakawa hai siku ya 28. Waliopangiwa kungoja walikuwa 15, wakawa hai 4. Idadi ni ndogo mno kuapia kwa hesabu, lakini mwelekeo wake ni kwamba shanti huenda ikaongeza walio hai. Kwenye figo hakuna sherehe: waliofika miaka 2 wakiwa na figo za kawaida walikuwa 2 tu kwa jumla. Daktari wako wa kwanza ameushika mstari huu wa mwisho, wa pili ameushika ule wa mwanzo.

---

SonoMtopanga amejibu:

Mimi nitajibu la ripoti, maana mengine Daktari amemaliza.

Umeandika vizuri kuliko wengi, ila ongeza haya. Kwanza, mwangaza wa figo uandike kwa kulinganisha na ini kwenye kina kile kile cha picha, kisha useme wazi kama gamba la figo linatofautika na kiini. "Zang'aa kidogo" haimsaidii anayesoma. Vivimbe vya gamba vitafute kwa probu (kishikio cha skeni) ya masafa ya juu, ukuze picha. Vikiwa vya mm 2 au 3 hupotea ukikagua kwa haraka. Vikionekana, figo hiyo tayari imeota vibaya. Visipoonekana, hujathibitisha kitu.

Pili, mifereji ya kutoka figo kwenda kibofuni: imepanuka au la? Pelvisi kutanuka huku mifereji haionekani hukuelekeza kwenye kizuizi cha juu, na hapo kibofu kikubwa kina maelezo mengine. Pelvisi peke yake, kwa wiki 16 hadi 27, mm 4 hadi chini ya 7 ni utanukaji mdogo, 7 na kuendelea ni wa kutiliwa maanani. Kwa hivyo 11 na 9 haina mjadala.

Tatu, maji ndani ya tumbo la mtoto na pembezoni mwa figo. Kibofu au figo huweza kuvuja chini ya shinikizo, na mtu akaona kibofu kimepungua akadhani mtoto amekojoa.

Nne, jinsia umeandika, hongera, wengi husahau. Kwa mwanamume, vali za nyuma za mrija wa mkojo (vikunjo vya utando vinavyoziba njia) ndizo sababu ya kawaida zaidi. Kwa msichana mwenye kibofu kikubwa, fikiria mrija usiofunguka kabisa, kloaka (njia za mkojo, uzazi na haja kubwa kuungana kuwa moja), au ile hali ya kibofu kikubwa na utumbo mwembamba ambapo hakuna kilichoziba; misuli ndiyo haifanyi kazi, na hapo maji mara nyingi huwa ya kawaida au hata kuzidi. Ukimtia shanti huyo umemwongezea hatari bure.

Na lile tundu la ufunguo lisikupe kiburi. Laweza kuonekana kwenye mkojo unaorudi juu sana na kwenye tumbo la prune (mtoto mwenye upungufu wa misuli ya tumbo), bila vali yoyote. Andika "yaashiria kizuizi cha chini", usiandike "vali".

Madafu: hayamdhuru mama, lakini mkojo unaotengenezwa hauna pa kutokea, basi hayataongeza maji.

---

MpigaSkeni_Likoni:

Shukran nyote. Mifereji imepanuka pande zote mbili, nimerudia leo. Maji tumboni hakuna. Mama mkwe ameuliza kama ni dawa alizotumia mama. Alimeza diklofenaki siku tatu kwa maumivu ya jino.

---

DaktariWaKijusi:

Siyo diklofenaki. Dawa za kundi hilo, na zile za presha kama enalaprili na losatani, hupunguza mkojo unaotengenezwa figoni, kwa hivyo ungekuta maji machache na kibofu *kitupu*. Kibofu kitupu bila maji: figo hazitengenezi, au chupa inavuja. Kibofu kilichojaa bila maji: mlango umefungwa. Tofauti hii mfundishe kila anayeshika probu. Mama aache diklofenaki hata hivyo, ina sababu zake nyingine, ila asibebeshwe lawama hii.

---

FigoZaWatoto amejibu:

Nina neno la kupunguza kasi hapa. Zile namba za sodiamu 100 na kloridi 90 zimegeuka msahafu, na hazistahili. Sodiamu ya mkojo wa kijusi hushuka kwa kawaida mimba inavyokua, kwa hivyo 100 ya wiki 19 si sawa na 100 ya wiki 26. Mtoto wa wiki 18 mwenye sodiamu 105 anaweza kuwa na figo nzuri tu. Wa wiki 27 mwenye 95 nisingemshangilia. Mwelekeo kati ya sampuli ndio naamini: inashuka au inapanda?

La pili: mkojo mzuri hauhakikishi figo nzuri. Mkojo mbaya, baada ya sampuli mbili au tatu, una uzito zaidi kwa upande wa kukata tamaa kuliko mkojo mzuri ulivyo na uzito kwa upande wa matumaini. Mzazi aambiwe kwa lugha hii: "Mrija ukifaulu, mtoto ana nafasi bora ya kupumua. Figo zake tutazijua mwaka wa kwanza, na huenda akahitaji dayalisisi (kusafishwa damu) au kupandikizwa figo utotoni." Dayalisisi ya mtoto mchanga ni kazi ya kila siku, miezi kadhaa, kabla hajafika uzito wa kupandikizwa. Si jambo la kulisema mlangoni mkiagana.

Na wazazi wakiamua wasitie mrija, huo nao ni uamuzi wa haki, wapangiwe huduma ya kumtunza mtoto bila maumivu. Nimewahi kusoma ripoti za rufaa zinazomwita mama huyo "aliyekataa matibabu". Si lugha.

---

DaktariWaKijusi:

Nakubali kuhusu umri wa mimba, nilipaswa kulisema. Nitabaki na namba hizo kama kizingiti cha kuanzia baada ya wiki 20, ila sampuli zikishuka zikielekea huko, mimi simkatai mtu kwa pointi mbili.

Kwa anayetaka kujua shanti yenyewe hutiwaje, na kwa nini huharibika:

Mama hudungwa ganzi ya ngozi. Mtoto hupewa dawa ya maumivu na ya kumtuliza asiruke. Kama hakuna maji kabisa, kwanza hutiwa maji ya Ringa laktati yaliyopashwa joto la mwili, mara nyingi ml 150 hadi 250, taratibu, kwa kuangalia skeni. Bila nafasi hiyo pete ya nje ya shanti itafungukia ukutani mwa chupa au ndani ya misuli ya mama. Maji hayo pia hufanya picha isafike, na hitilafu iliyojificha ya moyo au utumbo huweza kuonekana dakika za mwisho. Ikionekana, kazi husimama hapo.

Kisha bomba lenye ncha, unene kama mm 3, hupitishwa hadi kwenye tumbo la mtoto. Mahali ndipo siri ilipo: chini, kati ya kitovu na mfupa wa kinena, pembeni kidogo ya mstari wa kati. Wengi hudunga juu kwa sababu kibofu kilichojaa kimefika juu na kinarahisisha. Kibofu kikishamwagika hunywea na kurudi chini, pete ya ndani ikachomoka, ikabaki kwenye uwazi wa tumbo. Mkojo ukajaa tumboni badala ya chupani. Usikimwage kibofu chote kabla ya kutia. Kikiwa tupu hakuna pa kulengea.

Kuhama kwa shanti ndilo tatizo la kawaida kuliko yote. Mtoto huivuta kwa mkono, au hukua ikamwachia. Nyingine huziba. Mengine ni chupa kupasuka mapema, uchungu wa mapema, maambukizi, na mara chache utumbo kutokea kwenye tundu la shanti. Kwa hivyo skeni hurudiwa ndani ya saa 24, kisha kila wiki moja hadi mbili mpaka kuzaa: pete mbili ziko wapi, kibofu kimenywea, maji yamerudi? Kibofu kikijaa tena na maji yakapungua, shanti imekufa, na huenda ikahitajika nyingine. Mama mwenye kundi la damu hasi apate sindano ya anti-D ndani ya saa 72.

Kuna pia njia ya kamera nyembamba inayoingizwa kibofuni mwa mtoto na kuichoma vali kwa leza. Faida yake ni kuona kwa macho kama ni vali au mrija usiofunguka. Hatari yake ni kuchoma kupita kiasi na kutoboa njia kwenda kwenye utumbo mkubwa. Hufanywa na vituo vichache sana duniani, kwa hivyo familia isiuze shamba kwa ajili ya video waliyoona mtandaoni.

Upasuaji wa wazi wa tumbo la uzazi kwa tatizo hili ulifanywa San Francisco na Michael Harrison mwaka 1981. Leo kwa tatizo hili hakuna anayeupendekeza. Mrija ulichukua nafasi yake.

---

MratibuRufaa amejibu:

Upande wa mambo ya njiani, maana hapa Pwani ndipo wiki zinapopotelea.

Msimpe mama karatasi ya rufaa mkamwambia "nenda Nairobi". Pigeni simu kwanza kwa kitengo cha kijusi na kuuliza maneno haya haya: nani hutia, na shanti iko stoo *leo*? Daktari aweza kuwepo na kifaa kisiwepo, nacho huagizwa. Mama akisafiri kabla ya kujua hilo, amepoteza nauli na siku.

Sindano ya kutoa mkojo haihitaji kifaa adimu. Penye daktari aliyezoea kuchoma sindano ya maji ya chupa, sampuli yaweza kutolewa hapa hapa Mombasa. Sodiamu, kloridi na kalisiamu hupimwa kwenye mashine ile ile ya damu. Mwambieni mtu wa maabara mapema kwamba ni mkojo wa kijusi ili asiukatae kwa kuwa "thamani ziko nje". Beta-2 na kromosomu ndizo hupelekwa nje. Kichupa cha sampuli kisicho na dawa, ml 2 kwa chumvi, ml 5 au zaidi kwa kromosomu, jokofuni wala si kwenye friza, na ya kromosomu ifike maabara siku hiyo hiyo.

Picha ziende kwa faili kamili, si picha ya simu iliyopigwa kwenye skrini. Bima ya afya ya mama, SHA, ihakikishwe iko hai kabla ya kupanda treni, na rufaa iwe imeandikwa wiki na siku za mimba zilizohesabiwa kwa skeni ya mapema zaidi iliyopo, si kwa kukumbuka hedhi.

---

MpigaSkeni_Likoni (siku 9 baadaye):

Narudi na majibu. Sampuli mbili zimetolewa, ya pili saa 48 baada ya ya kwanza. Kibofu kilijaa tena ndani ya siku moja. Ya kwanza: sodiamu 118, kloridi 104. Ya pili: sodiamu 97, kloridi 86, osmolaliti 194, kalisiamu 1.7. Kromosomu za haraka ni za kawaida. Leo ana wiki 20 na siku 6, mfuko wa maji ni sm 0.9. Figo zimebaki vile vile, vivimbe hakuna. Kondo liko nyuma.

---

DaktariWaKijusi:

Huyu ni mtu wa kuzungumza naye kuhusu shanti. Sodiamu imeshuka kwa 21 kati ya sampuli mbili, kibofu kimejaa haraka maana figo zatoa mkojo, kromosomu ziko sawa, na maji yanazidi kupungua. Kondo kuwa nyuma kunarahisisha njia ya bomba. Ningetaka sampuli ya tatu wakati huo huo wa kutia shanti, bila kuisubiri majibu yake. Akivuka wiki 24 au 25 bila maji, sehemu kubwa ya nafasi ya mapafu itakuwa imepita. Kwa hivyo wiki hii, si mwezi ujao.

---

FigoZaWatoto:

Safari hii sina pingamizi. Ongezeni tu mazungumzo na daktari wa figo wa watoto *kabla* ya mrija. Mazungumzo hayo yakifanywa baadaye, mzazi husikia kama tulimficha.

---

MpasuajiWatoto amejibu:

Nimechelewa kwenye uzi huu, lakini yanayofuata baada ya kuzaa huwahusu wote, waliotiwa shanti na wasiotiwa, na mengi huharibikia hapo.

Kizuizi peke yake si sababu ya kuzalisha mapema. Mtoto mwenye mapafu madogo akiongezewa na uchanga wa wiki 32, mmempiga mara mbili. Kama hakuna jingine, wiki 38 hivi, katika hospitali yenye nasari (wadi ya watoto wachanga) na mashine ya kusaidia kupumua. Kuzaa kwa njia ya kawaida kwafaa. Tumbo la mtoto likiwa limevimba mno hutolewa mkojo kwa sindano kabla ya uchungu. Uchungu wa mapema ukija, deksamethasoni mg 6 kila saa 12 mara nne hutolewa kama kwa mwingine yeyote, lakini isidhaniwe kwamba inakuza mapafu yaliyokosa nafasi. Inakomaza tu yaliyopo.

Mtoto akizaliwa, mrija wa kulishia saizi 5 au 6 huingizwa kwenye njia ya mkojo siku hiyo hiyo na kubandikwa vizuri pajani. Si Foley. Puto la Foley hukifanya kibofu hiki chenye ukuta mnene kishikwe na mkazo, na huweza kuziba midomo ya mifereji ya figo, mkapata mrija uliomo ndani na mtoto asiyetoa mkojo. Kosa jingine: mrija hujikunja kwenye ile sehemu ya nyuma iliyopanuka, haufiki kibofuni. Mkojo ukichuruzika pembeni ya mrija badala ya kupita ndani yake, hakikisheni kwa skeni.

Baada ya kizuizi kuachiwa, mkojo hutoka kwa wingi na kuondoka na chumvi. Pimeni uzito mara mbili kwa siku, sodiamu, potasiamu na bikaboneti kila saa 6 hadi 12 siku mbili za mwanzo, na rudisheni kinachotoka. Kreatinini (kipimo cha damu cha kazi ya figo) ya siku ya kwanza ni ya mama, msiandike mwisho wa dunia wala sherehe juu yake. Rudieni siku ya 3 hadi 5. Ile ya chini kabisa katika mwaka wa kwanza ndiyo hutabiri: chini ya 70 umol/L ni dalili njema, juu ya 88 hatari ya figo kushindwa ni kubwa.

Hali ikitulia, hupigwa eksirei ya kibofu kwa dawa ya rangi wakati mtoto akikojoa, kisha vali hukatwa kwa kamera ndogo. Mtoto akiwa mdogo kuliko kamera iliyopo, kibofu hufunguliwa mlango tumboni kwa muda, au vali hukatwa kwa valvotomu ya Mohan ambayo haihitaji kamera. Kinga ya maambukizi ni trimethoprimu mg 2 kwa kilo kila usiku. Na tohara ambayo hapa kwetu itafanywa tu, ifanywe mapema, kwani hupunguza maambukizi ya mkojo kwa watoto hawa. Ila mpasuaji aangalie kwanza tundu la uume liko mahali pake.

---

Sista_Nasari:

Kwa wauguzi watakaompokea: akizaliwa na shanti, mtaona uzi wa plastiki umetokeza chini ya kitovu, au hamtauona kabisa kwa kuwa pete ya nje imezama chini ya ngozi. Msiuvute wala kuukata. Ufunikeni kwa shashi iliyolowekwa salaini, pimeni mkojo kwa kupima nepi kabla na baada, na andikeni kwenye faili "shanti imo, mahali hapa". Isipoonekana popote, nje wala kwenye kondo, apigwe eksirei ya tumbo kabla ya kuruhusiwa, maana hubaki ndani.

---

MpigaSkeni_Likoni:

Ahsanteni. Mama ameongea na daktari wa figo kwa simu jana pamoja na mumewe, wamekubali. Kituo kimethibitisha kwamba shanti ipo, wanasafiri kesho kwa treni ya asubuhi. Nimeweka faili la picha na namba zote za sampuli kwenye flashi, na nakala ya karatasi ndani ya kitabu cha kliniki.